Doa Jekundu Kwenye Shuka la Lyandembo

Jumamosi ya tarehe 25 Machi 2023, kwa mujibu wa muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji cha Lyandembo, wilayani Mbarali, Devota Nyalusi alisimama mbele ya wanakijiji na kuwaonyesha mahali ilipoanzia sumu iliyoua samaki wa bwawa lao. Muhtasari unaongeza kwamba maelezo yake "yalipokelewa kwa makofi".

Makofi hayo anayakumbuka kuliko kitu kingine chochote cha siku ile. Anasema yalianzia kwa kina mama waliokaa mbele, yakapanda hadi kwa wanaume waliosimama ukutani, naye akainamisha kichwa kidogo kama mtu aliyezoea kupongezwa. 

Devota ana miaka thelathini na minne. Alizaliwa Idodi, mkoani Iringa, kwenye barabara iendayo Hifadhi ya Ruaha, katika nyumba ya wakulima wa mpunga. Alisomea sayansi ya mazingira chuo kikuu, na tangu amalize anafanya kazi katika kampuni ndogo ya ushauri jijini Mbeya. Halmashauri, mradi au chama cha wakulima kikitaka kujua uchafu fulani umeleta madhara gani mtoni, kampuni hiyo humtuma Devota na kompyuta yake mpakato.

Kazi yake ni kujenga modeli. Akiwaeleza watu wasioijua, husema modeli ni mfereji wa pili usio na maji. Anaukata mfereji wa kweli katika vipande, kama mtu anavyokata muwa kwenye mafundo. Kila kipande anakipa upana wake, kina chake na mwendo wa maji yake. Kisha anaiambia kompyuta dawa gani imeingia, kwenye kipande kipi, kiasi gani, na inachukua muda gani kuchuja na kuisha nguvu. Kompyuta inaisukuma dawa hiyo kutoka kipande hadi kipande, na inapofika kwenye samaki inalinganisha: kiwango hiki perege anakivumilia, kiwango hiki kinamuua. Mwishoni inatoa ramani. Buluu ni maji salama, njano ni ya kutiliwa shaka, nyekundu ni mauti. Pamoja na ramani huja makadirio ya hasara: samaki wangapi wamekufa, na bwawa litachukua misimu mingapi kurudi lilivyokuwa.

"Inafanya hesabu ambazo mimi ningezifanya mwaka mzima," anasema. "Lakini haijui kitu. Inajua nilichoiambia."

Lyandembo ni kijiji cha mpunga chini ya Rujewa. Maji huingia kupitia banio, kizuizi cha kuchepushia maji ya mto, yanapita kwenye mfereji mkuu, yanagawanywa kwa milango kuingia kwenye majaruba, vile vitalu vya mpunga vilivyozungushiwa tuta, na yanayozidi hutoka kwa mtaro mmoja unaoishia bwawani. Bwawa hilo si kubwa, lakini lina perege na kambale, na lilikuwa linalisha watu. Zuena, mjane anayekaanga samaki kando ya barabara, alikuwa akitega migono yake humo kila jioni.

Zuena ndiye aliyewaona. Ilikuwa Februari mwaka huo, Jumanne asubuhi. Alikuta perege wameelea wamegeuza matumbo, wakubwa kwa wadogo, na kambale wamejitupa kwenye tope la ukingoni kama waliotaka kutoka. Alipiga kelele hadi watu wakaacha palizi.

Devota alifika Alhamisi. Alichukua sampuli za maji, ambazo zilionyesha mabaki hafifu ya dawa ya wadudu, ile wanayopuliza kuua funza wa mabua. Ilikuwa imebaki kidogo mno kuua samaki, lakini ilitosha kusema kwamba ilipita. Alipima mwendo wa maji kwenye mtaro. Alizungumza na wakulima, nao wakamwambia wanapiga dawa wiki hizo, kila mtu shambani kwake. Wakamwambia pia habari za Isakwisa.

Isakwisa alikuwa mpiga dawa wa kukodiwa. Alikuja kutoka Tukuyu miaka kadhaa nyuma, akapanga chumba Lyandembo, akaoa hapo hapo msichana anayeitwa Lea. Alikuwa na bomba lake la mgongoni na mabuti yake ya mpira, na akimaliza kazi alikuwa na mahali pake pa kuoshea vifaa: jiwe pana mdomoni mwa bwawa, pale mtaro unapoingilia. Kila mtu alikuwa amemwona akiosha pale.

Devota alikaa kijijini hadi Jumapili. Asubuhi alikwenda kusali. Anakumbuka kanisa lilijaa. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Sedekia, ambaye ni Mlutheri, alimwambia baadaye kwamba na kwao lilijaa. Jumatatu alfajiri akapanda gari kurudi Mbeya.

Ofisini alifungua modeli. Programu ilimtaka aingize kiasi cha maji kwa kila siku ya wiki. Alikuwa na kipimo kimoja tu, cha Alhamisi. Akakiandika kwenye kisanduku cha Alhamisi, halafu akakiburuta kwenye visanduku vingine sita. Ijumaa ikapata maji ya Alhamisi. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, zote zikapata maji ya Alhamisi.

Kwa maji hayo yanayotiririka sawasawa kila siku, dawa ya mashambani ilitoka kidogo kidogo na kuchanganyika na maji mengi. Ramani ikawa buluu kuanzia banioni hadi karibu na bwawa. Hakuna samaki aliyekufa katika mfereji wa kompyuta. Katika mfereji wa kweli walikuwa wamekufa. Kwa hiyo Devota akaweka chanzo kingine, kwenye jiwe la Isakwisa. Aliandika kwamba mtu huyu akimwaga kilichobaki kwenye bomba, ni robo ya bomba. Samaki hawakufa wa kutosha. Akaandika nusu. Hapo idadi ya samaki waliokufa kwenye kompyuta ikakaribiana na ile waliyoihesabu kina mama ukingoni, na doa jekundu likachanua kuanzia kwenye jiwe hadi katikati ya bwawa.

Kurekebisha namba hadi modeli ikubaliane na kilichotokea ni jambo la kawaida katika kazi hiyo. Inafanywa kwa uangalifu, na namba inayorekebishwa inapaswa kuwa namba ambayo mtu amekwenda kuiuliza. Devota hakumuuliza Isakwisa.

Siku ya mkutano, Zuena alikiazima kijiji shuka lake jeupe, likatundikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtendaji wa kijiji, projekta ikawashwa. Watu walikuwa hawajawahi kuona kijiji chao kikiwa kimechorwa hivyo. Walionyeshana mashamba yao kwa vidole. Kisha Devota akaibonyeza ile ramani iende, na wekundu ukaanza kutoka kwenye jiwe.

"Si pale anapooshea Isakwisa?" mtu akasema.

"Ndipo."

Isakwisa alisimama mwenyewe, hakuitwa.

"Ni kweli naosha pale," alisema. "Tangu nimekuja naosha pale. Mwaka juzi niliosha, mwaka jana niliosha. Samaki walikuwa wananiangalia tu."

Watu walicheka, naye Mzee Sedekia akacheka.

"Sasa nina swali kwa dada yetu. Dada, hiyo mashine inajua bomba langu linabakiwa na dawa kiasi gani?"

"Tumekadiria," Devota alijibu.

"Mmekadiria." Isakwisa alilitazama shuka. "Mimi dawa ya mtu naimalizia shambani kwake, amesimama pale ananitazama. Ikibaki anasema nimemwibia."

"Kaa chini, Bwana Doa," Zuena alimwambia kutoka mbele, na kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Isakwisa akakaa. Ndipo yakaja makofi.

Mkutano uliamua kwamba Isakwisa asipige tena dawa katika shamba lolote la Lyandembo. Hakuna aliyempeleka polisi na hakuna aliyemgusa. Jina tu lilibaki. Alikuwa Bwana Doa dukani, Bwana Doa kwenye pombe, na Lea akifika kisimani wenzake walikuwa wakisogeza ndoo zao pembeni na kusema, kwa utani, "Mpisheni Mama Doa, asije akatugusia maji." Lea ni mtu wa hapo, ana mama na mashangazi hapo. Alivumilia mpaka mavuno. Baada ya mavuno mumewe alikwenda Chimala kutafuta kazi, na yeye akafuata.

Devota hayo hakuyajua. Anasema hakuyauliza. Ripoti ilipokelewa, kampuni ilishukuriwa, na mkuu wake wa kazi aliitumia ramani ile ya Lyandembo katika mafunzo ya wafanyakazi wapya kama mfano wa kazi iliyoeleweka kwa wananchi.

Februari ya mwaka uliofuata, mtendaji wa kijiji alimtumia ujumbe mfupi: "Habari za kazi dada. Samaki wamekufa tena."

Alipoufungua ujumbe huo, jambo la kwanza alilofikiri, anakiri, ni kwamba Isakwisa amerudia. Alimpigia mtendaji kumuuliza kama yule bwana alikatazwa kweli. Mtendaji akasema, "Dada, Isakwisa hayupo. Alihama tangu mwaka jana."

Devota alikwenda. Alitembea kwa miguu hadi mdomoni mwa bwawa. Majani yalikuwa yameota kuzunguka lile jiwe mpaka yakalifunika upande mmoja, na juu yake ndege alikuwa amekula kaa na kuacha magamba. Hapakuwa na alama ya buti wala ya bomba. Aliketi pale akafungua kompyuta mapajani, akaipa modeli idadi ya samaki waliokufa safari hii, akaiacha ihesabu kwa namba zile zile alizoziingiza mwaka uliopita. Wekundu ukaanzia pale pale. Ukaanzia kwenye majani.

Alifunga kompyuta. Watu wawili waliokuwa wamemsindikiza walimuuliza mashine imesemaje. Akawaambia betri imekwisha.

Uongo ule wa betri anauhesabu pamoja na makosa yake mengine.

Siku chache alizunguka na hesabu zile bila kuona pa kuzishikia. Jumapili alimpigia simu mama yake Idodi, Mama Paskalina, si kwa ajili ya mpunga bali kumsalimia.

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Kamwene, mwanangu. Marahaba. Umesali?"

"Nimesali. Shambani vipi?"

"Shambani nani aende leo? Milango imefungwa, tumetoka kanisani, tunakula. Kesho ndiyo vurugu. Kesho wote tunafungua, usipowahi unakuta jirani amekumaliza maji. Mdogo wako nimemwambia alale mapema."

Mama Paskalina aliendelea na habari nyingine, za mbuzi na za harusi ya jirani. Devota anasema hakusikia tena kitu. Hakuwa amejifunza jambo jipya. Alikuwa amelijua tangu akiwa na miaka sita, akitumwa Jumatatu alfajiri kukaa mlangoni mwa maji asije mtu akaufunga. Katika skimu nyingi za umwagiliaji za wakulima wa nyanda hizo, Jumapili hakuna zamu ya maji. Milango ya mashamba hufungwa Jumamosi jioni, watu wanakwenda kwenye ibada, na Jumatatu asubuhi kila mtu anafungua.

Na kwenye wiki za dawa, Jumapili ina faida ya pili. Ili kuua magugu, mkulima hutoa maji kwenye jaruba, magugu yakabaki wazi, akapuliza. Dawa inatakiwa ikae mchana na usiku bila maji. Kwa hiyo watu wa Lyandembo, kama watu wa Idodi, hutoa maji Ijumaa, hupuliza Jumamosi, na huacha Jumapili ifanye kazi ya kukausha. Wengi huchanganya dawa ya magugu na ya funza kwenye bomba moja ili wasilipe kibarua mara mbili. Jumatatu milango yote inafunguliwa pamoja. Maji ya kwanza yanaingia kwa nguvu, na mkulima anayaacha yafurike yatoke nje ya jaruba ili tuta lisikatike. Yote yanakwenda kwenye mtaro mmoja.

Devota alirudi kwenye modeli. Kwenye kisanduku cha Jumapili akaandika sifuri. Kwenye cha Jumatatu akaweka maji ya milango yote kwa pamoja. Kwenye jiwe la Isakwisa akaweka kiasi cha maji ya kusuuzia bomba tupu. Akabonyeza.

Wekundu ulianza juu kabisa, kwenye majaruba ya karibu na banio, mashamba ya Mzee Sedekia na majirani zake, ukashuka kipande kwa kipande, ukijazwa na kila mlango ulioupita, ukaingia bwawani Jumatatu alasiri. Pale kwenye jiwe haukubadilika hata kidogo. Idadi ya samaki waliokufa ilikaribiana na ya kweli bila yeye kulazimika kurekebisha namba ili zikubaliane.

"Nilikuwa kanisani kwao ile Jumapili," anasema. "Nilikaa benchi la tatu. Wote walikuwepo. Kama mtu angeniuliza pale pale, nani yuko mtaroni sasa hivi, ningecheka. Halafu nikaenda Mbeya nikaandika kwamba maji yanatembea."

Alimweleza mkuu wake. Mkuu alizitazama ramani zote mbili kwa muda mrefu, akavua miwani.

"Haya ni makosa ya kawaida," alisema. "Andika barua ya masahihisho, nitaisaini, tuitume kwa mtendaji. Ataibandika kwenye ubao."

"Nani anasoma ubao?"

"Devota. Ukisimama tena mbele yao, nani ataiamini kampuni hii?"

Aliandika barua. Anasema ilimpa nafuu, na kwamba nafuu hiyo ndiyo iliyomtia shaka. Ilikuwa barua nzuri. Ilisema "matokeo ya awali yamefanyiwa mapitio". Jina la Isakwisa halikuwemo, kwa sababu hata ripoti ya kwanza haikumtaja kwa jina. Ilisema "chanzo kimoja karibu na bwawa". Shuka ndilo lililomtaja.

Kabla ya kuituma, alishuka Chimala kumwonyesha Isakwisa.

Isakwisa anabeba magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya Zubery, karibu na soko. Siku hiyo lori lilikuwa linapakiwa, na vumbi la pumba lilikuwa limewafanya wapakiaji wote kuwa na nyusi nyeupe. Zubery mwenyewe alikuwa mlangoni.

"Unamtaka Isakwisa? Ukininyang'anya uniletee wawili, huyu anabeba kama punda." Kisha akapaza sauti. "Isakwisa! Unatafutwa na serikali."

"Si serikali," Devota alisema.

Isakwisa alitua gunia, akamtambua. Hakuonyesha hasira. Alijifuta mikono kwenye suruali na kumwamkia kama mtu anavyomwamkia mgeni wa bosi.

"Karibu, dada."

Devota alimwambia yote wakiwa wamesimama. Alimwambia habari za Jumapili, za nusu ya bomba, za majani kwenye jiwe. Akampa barua. Isakwisa aliisoma polepole hadi mwisho, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu.

"Mimi niko wapi humu?"

"Hapa. Hapa inaposema matokeo ya awali."

"Hayo ndiyo mimi?"

Devota aliusoma tena mstari ule.

"Dada, uliniweka kwenye shuka," Isakwisa alisema. "Watu wakaniona. Mama mkwe wangu alikuwepo, aliniona. Sasa unaniondoa kwa karatasi." Aliikunja barua ilivyokuwa na kumrudishia. "Niondoe kwenye shuka. Shuka lile lile, na wale wale wawe wamekaa."

"Wanaweza wasikubali."

"Hilo si la kwangu. Mimi sikuwaita mara ya kwanza."

Akarudi kwenye lori. 

Mkutano ulichukua muda kuitishwa. Mzee Sedekia alitaka kujua unahusu nini, na alipoambiwa hakuuona umuhimu wake; alisema samaki ni wengi duniani. Mkuu wa kazi wa Devota alimwambia aende kama mtu binafsi, asivae fulana ya kampuni. Projekta aliiazima kwa rafiki anayeonyesha mpira. Shuka alilifuata kwa Zuena.

"Hili?" Zuena alilitoa kwenye beseni. "Hili nimelifua mpaka limechakaa. Doa lako limebaki kwenye vichwa vya watu."

"Ndilo ninalolitaka, shangazi."

"Mimi ndiye niliyempa lile jina. Unajua?"

"Najua."

"Basi tutakaa wote mbele," Zuena alisema, akampa.

Ilikuwa Aprili, mpunga umeanza kutoa masuke, na watu walikuja wengi kwa sababu waliambiwa kuna sinema. Isakwisa alikuja na Lea. Walisimama nyuma, karibu na baiskeli.

Devota alianza na ramani ya zamani. Aliiacha ionekane mpaka watu wakaanza kunong'ona. Akasema, "Ramani hii ni kosa, na kosa ni langu." Akaeleza kisanduku cha Alhamisi alivyokiburuta. Akaeleza nusu ya bomba, kwamba hakumuuliza mwenye bomba, kwamba aliiandika kwa sababu ilimpa jibu. Kisha akaonyesha ramani ya pili. Wekundu ulipoanza kushuka kutoka juu, mashamba yao yalikuwa yamo humo, na safari hii hakuna aliyenyoosha kidole.

Mzee Sedekia ndiye aliyesema kwanza.

"Kwa hiyo ni sisi."

"Ni Jumatatu, mzee. Mnapofungua wote kwa pamoja."

"Jumatatu haina mikono. Unasema ni sisi."

"Ndiyo, mzee."

"Unataka tufungue maji Jumapili? Tuache ibada?" aliuliza mtu kutoka ukutani.

"Hapana. Mama yangu hatafungua Jumapili, sembuse ninyi. Nasema mfungue kwa zamu, mlango mmoja mmoja, na maji ya kwanza yasifurike. Yakae ndani ya jaruba siku nne tano, dawa iishe nguvu humo."

"Tuta likikatika?"

"Ongezeni tuta."

Kulikuwa na manung'uniko. Mzee Sedekia aliinua mkono.

"Hesabu ya kwanza nani aliifanya?"

"Mimi."

"Na hii ya pili?"

"Mimi."

"Sasa tuamini ipi? Mwaka jana ulikuja na uso huo huo."

Walicheka. Lilikuwa swali la haki, na Devota anasema alikuwa amejiandaa kwa matusi lakini si kwa swali hilo. 

"Msiamini hata moja," alisema. "Msimu wa dawa ukifika, tuchote maji Jumatatu yenyewe, saa kwa saa, mbele ya watu wenu. Tuyapime. Mwaka jana nilipaswa kufanya hivyo kabla sijamsimamisha mtu."

Kisha akageuka kuelekea kwenye baiskeli.

"Kaka Isakwisa, nilikukosea mbele ya watu. Naomba radhi mbele ya watu."

Hakuna aliyepiga makofi. Mtoto mmoja alilia na mama yake akamtoa nje. Mzee Sedekia, ambaye kama mwenyekiti ilimpasa kumpa nafasi ya kusema, alianza, "Haya, Bwana D—" akakatisha. Akakohoa. "Isakwisa. Una neno?"

"Nimesikia," Isakwisa alisema.

Watu walingoja aendelee. Zuena aligeuka kumtazama, akashindwa, akatazama magoti yake.

"Iandikwe kwenye muhtasari," Isakwisa aliongeza. "Kama ile nyingine ilivyoandikwa. Basi."

Mzee Sedekia alimwagiza mtendaji aandike. Baada ya kufunga mkutano, watu watatu au wanne walikwenda kumpa Isakwisa mkono. Wengine walipitia upande wa pili wa ofisi. Zuena alimshika Lea kiganja akamwambia karibu nyumbani mkale, Lea akasema wamechelewa, lori la Zubery linawasubiri barabarani. Zuena alisema, "Siku nyingine basi, mwanangu," na Lea akasema, "Siku nyingine." Isakwisa alimuaga Devota kwa heshima ile ile ya Chimala. Hakusema amemsamehe, naye Devota hakuuliza.

Devota alikunja shuka mwenyewe. Ofisini kwake ramani ya kwanza imeondolewa kwenye mafunzo, na ya pili haijawekwa. Yeye anaendelea na kazi, lakini kila modeli mpya anayoijenga huanza kuijaza kwenye kisanduku cha Jumapili. Wenzake wanamtania kwa hilo. Hajawaambia sababu.

Msimu wa dawa Lyandembo unaanza tena Januari. Chama cha watumiaji maji kimekubali kwamba Jumatatu ya kwanza baada ya kupuliza, milango itafunguliwa mmoja baada ya mwingine, na Devota atakuwa mdomoni mwa bwawa tangu alfajiri, Zuena akiwa shahidi, akichota maji kwenye chupa za kupelekwa maabara Mbeya. Isakwisa ameombwa na wakulima wawili arudi kupiga dawa, na amewajibu kwamba atabaki Chimala.